Mama Tekla Juu ya Mizani ya Kahawa

Juzi nilikwenda kliniki kupimwa presha, na presha yenyewe ikapandia pale pale. Nimekaa kwenye benchi nikisubiri zamu yangu, nikasikia nyuma ya pazia mmoja wenu, binti aliyetoka chuoni juzi juzi tu, akimwambia mama mmoja mnene, "Hayo ni mafuta tu, mama. Kapunguze kula." Mama yule akacheka kwa furaha. Akatoka akifunga vifungo vya blauzi, akaaga benchi zima kama mtu anayetoka kwenye ubatizo wa mjukuu. Nilimjua. Jina lake nitalitaja nikishapoa kidogo.

Basi ninyi manesi na matabibu wadogo, mnaonitupia shikamoo mkipita huku macho yakiwa kwenye simu, leo nawaombeni mkae. Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nimestaafu, hakuna atakayenihamisha kituo.

Mimi ni Foibe. Nilipanda huku milimani Mbinga nikiwa nesi mchanga kutoka Liuli, msichana wa ziwani asiyejua koti ni nini, nikaletwa kwenye zahanati moja ya vijiji vya kahawa ambayo sitaitaja. Wagonjwa walinicheka Kimatengo changu mpaka nikaamua kubaki na Kiswahili. Aliyenipokea alikuwa nesi mkuu wetu, Mama Monika, mwanamke mrefu, mkali, mwenye mikono mikubwa kuliko ya mwanaume. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kufaulu.

Kukagua titi alinifundisha kwa unga wa ngano. Alikanda donge kubwa, akachomeka punje ya kahawa humo ndani, akalifunika donge kwa kitambaa, akaniambia niitafute. Nikabonyeza kwa ncha za vidole kama ninayepiga kinanda, sikuipata. Akanipiga kofi la mkono. Vidole vitatu, akasema, na si ncha, ni matumbo ya vidole, vikae bapa, vizunguke taratibu, kwanza kwa wepesi, halafu kwa uzito, halafu kwa uzito zaidi mpaka usikie mbavu. Usiruke pahali. Panda mpaka kwapani, maana hata huko kuna titi. Mwanamke alale chali, khanga ikunjwe iwekwe chini ya bega lake, mkono aupeleke kichwani, titi litandike. Titi kubwa likining'inia halikuambii kitu.

Siku nilipoipata ile punje nilipiga kelele ya furaha. Yeye akakanda donge kubwa zaidi, akaificha punje tena, akaenda zake kunywa chai. Nilikasirika, lakini nilimwelewa baadaye. Donge likiwa kubwa, punje haipungui ukubwa. Kinachotakiwa kuongezeka ni subira ya anayetafuta. Mwanamke mnene hahitaji kuambiwa ni mnene, kwani kioo anacho. Anahitaji vidole vyako vikae kwake muda mrefu kuliko kwa mwembamba, nanyi mnafanya kinyume chake. Mnamwona mnene, mnachoka kabla hamjamgusa.

Sasa niwaambie habari za Mama Tekla, mke wa Bwana Ndunguru. Huyo ndiye niliyemkumbuka nilipolisikia lile neno nyuma ya pazia.

Ninyi hamkuijua miaka ya dhiki. Mafuta ya kupikia yalikuwa ya kupangia foleni, sabuni ya kukatwa vipande, na mwanamke akiwa na chupa ya mafuta ndani huifichia uvunguni. Mama Tekla alikuwa mwembamba wakati huo kama sisi wote. Alilima ngolo, yale mashimo ya mlimani mnayoyaona kwenye kila mteremko: mwanaume anafyeka majani na kuyapanga, mwanamke anayafukia kwa udongo, mgongo umeinama tangu asubuhi. Tekla, kitinda mimba ambaye jina lake ndilo lililomkaa mama, alizaliwa msimu wa ngolo, na wiki chache baadaye mama yake alikuwa mteremkoni tena.

Halafu likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaanza kupanda milimani na malori yao, kila mmoja anatafuta mtu wa kumkusanyia kahawa kijijini, na Bwana Ndunguru alikuwa na ulimi. Akawa mkusanyaji. Akaweka mizani pale njia panda, akaezeka bati, akaleta kreti za soda na madumu ya manjano ya mafuta yaliyosimama ukumbini wageni wayaone. Na kitu cha kwanza alichofanya kama mume, akamtoa mkewe kwenye ngolo. Akaweka vibarua. Alisema mbele za watu kwamba mke wake hatashika jembe tena maisha yake, na wanawake wote tuliosikia tulimwonea wivu Mama Tekla, mimi nikiwemo. Nawaambieni hili msije mkamcheka. Yule mama alikuwa amelima vya kutosha. Kupumzika kwake kulikuwa haki yake, na andazi lake alikuwa amelitolea jasho kabla halijakaangwa.

Akanenepa. Alikuwa amekoma hedhi wakati huo, tayari ana wajukuu kwa binti yake mkubwa, na mwili ukaongezeka kila msimu. Na ikumbukwe ni miaka ipi hiyo. Ndiyo miaka ambayo tulizika vijana kila wiki, miaka ya umdudu, ndivyo tulivyouita UKIMWI, kabla dawa hazijafika. Mtu akikonda, watu walihama benchi la kanisani. Ukikohoa umekonda, basi wamekwisha kukuzika mdomoni. Kwa hiyo unene ulikuwa ndio cheti chako. Mnene alikuwa mzima, ana pesa, na mume wake anamtunza. Tulisalimiana hivyo: umenenepa, hongera.

Siku ya kufungua ununuzi wa kahawa, Bwana Ndunguru alimpandisha mkewe kwenye mizani. Mbele ya wakulima wote, wamepanga magunia yao. Akamwambia panda, mama watoto, waone. Mama Tekla alikuwa anacheka kwa aibu ameshika khanga mdomoni, akapanda kile kibao cha chuma, na mume akatangaza kwamba kalishinda gunia. Watu walipiga makofi. Wazee wakampa Ndunguru mkono. Tangu siku hiyo kila ufunguzi wa msimu lazima apande, na mwaka ambao sindano ilisogea mbele zaidi, alichinja mbuzi.

Mama Monika ndiye peke yake ambaye hakupiga makofi. Alimwendea Ndunguru, akamwambia mwanamke si kahawa. Ndunguru akamjibu kwa adabu kwamba shikamoo dada, mambo ya nyumbani kwangu niachie mimi.

Msimu mmoja Mama Tekla akiwa anaoga, akagusa kitu upande wa nje wa titi la kushoto. Hakiumi. Kama punje ya kahawa haswa, alikuja kuniambia baadaye, nami nikalikumbuka lile donge la unga. Siku aliyokwenda zahanati mimi nilikuwa likizo kwetu Liuli na Mama Monika alikuwa semina Songea, akamkuta tabibu wa zamu. Tabibu yule alikuwa kijana kama ninyi, mwenye kalamu mbili mfukoni. Hakuinuka kwenye kiti. Alinyoosha mkono akabonyeza juu ya gauni, juu ya sidiria, mara moja, kama mtu anayeangalia parachichi sokoni. Akamwambia, "Mama, mwili mkubwa kama huu una mafuta. Hayo ni mafuta tu."

Na Mama Tekla akafurahi. Hapo ndipo mnaponiudhi mpaka leo, kwa sababu hamjui furaha hiyo inauzwa kwa bei gani. Alirudi nyumbani akachinja kuku. Nilipopanda kutoka ziwani na usipa wangu, dagaa wa kukausha, nikampelekea fungu lake, akanihadithia kama kichekesho. Nikamwambia twende chumbani nikakuangalie. Akanitania, nyie Wanyasa mmezoea kupapasa samaki, niache. Nikasisitiza. Akakasirika kidogo, akasema amekwisha kuangaliwa na mtaalamu.

Mama Monika aliporudi nikamweleza, akavaa viatu akaenda mwenyewe. Huyo hakuwa wa kukataliwa. Alimlaza kitandani kwake, akakunja khanga, akaipata. Ngumu, ina kingo mbaya, haikimbii kidole. Uvimbe mwingi wa mafuta huwa laini, unateleza ukiusukuma, lakini hata huo, wanangu, hausemwi kwa kukisia. Hakuna vidole duniani vinavyoweza kuapa. Vidole kazi yake ni kukupeleka kwenye vipimo.

Alitoka ukumbini akamwambia Ndunguru huyu aende Songea wiki hii, na huko watampeleka mbele. Ndunguru akauliza watamfanya nini. Akaelezwa: watakata, pengine na dawa kali, atapungua mwili. Hapo mume akatingisha kichwa. Na wala hakuwa mtu mbaya, ndiyo maana nikimkumbuka sijui hasira yangu niiweke wapi. Alisema, "Dada Monika, mke wangu akikonda msimu huu, nani ataleta kahawa kwangu? Watasema tunao umdudu. Watasema na mimi ninao."

Mama Tekla alikuwa amesimama mlangoni. Akasema hata yeye hataki kukonda. Afadhali hili lipunje likae mahali pake.

Nimeusikia uoga wa kisu, uoga wa kufa, uoga wa nauli. Ila mwanamke kuogopa kukonda kuliko kuogopa saratani, huo uoga tuliutengeneza sisi kwa midomo yetu, pale pale njia panda, kwa makofi. Tulikwenda tena na tena. Padri alikwenda. Wakaahirisha mpaka kahawa iishe, halafu mpaka Pasaka, halafu ngozi ya titi ikajikunja ndani kama ganda la chungwa, kikafunguka kidonda. Ndipo wakaenda, mpaka Dar es Salaam, na huko wakaambiwa imesambaa.

Kati ya kwenda na kurudi nilimpata daktari mpasuaji mmoja, mwanamke mfupi aliyepita wilayani kwa ziara. Nilimuuliza kwa uchungu kama kweli tabibu wetu alikosea sana, maana yalikuwa ni mafuta kwa upande fulani, mama alikuwa mnene. Akavuta kiti akaketi nami, na alichonieleza siku ile sijakisahau.

Alisema mafuta ya mwili si mahindi yaliyolala ghalani. Yako hai, yanafanya kazi. Mwanamke akiwa kijana, vifuko vya mayai ndivyo vinavyotengeneza kwa wingi homoni ya kike. Akikoma hedhi, vifuko hivyo vinastaafu. Mafuta hayastaafu. Yanaendelea kuitengeneza ile homoni kidogo kidogo, na mafuta yakiwa mengi, homoni nayo inakuwa nyingi katika umri ambao mwili uliitarajia ipungue. Na saratani nyingi za titi zinakula homoni hiyo hiyo ndipo zinakua. Tena mafuta yakizidi, mwili unakaa kwenye mwako wa ndani usioonekana, unafuka tu kama pumba iliyochomwa. Sukari nayo inachafuka, na vichocheo vinavyoamrisha chembe zigawanyike vinapanda. Titi lenyewe limejaa mafuta, kwa hiyo hayo yote yanapikwa jirani kabisa na mahali saratani inapoanzia.

Kwa hiyo, akasema, mkimwona mama mnene aliyekoma hedhi ana uvimbe, unene wake ni sababu ya kumwangalia zaidi. Huyo tabibu aliichukua hatari akaifanya kuwa kitulizo.

Halafu akanikanya kitu kingine, na hiki nakileta kwenu kama alivyonipa. Si kila mnene atapata, na wembamba nao wanapata, wanaume pia mmoja mmoja. Hakuna anayeweza kumnyooshea mgonjwa kidole kwamba ulikula ukajiletea. Unene unaongeza uwezekano, basi. Mwili ukipungua na miguu ikitembea, uwezekano nao unapungua. Huo ni ushauri wa kumpa mtu akiwa mzima, kwa upole. Hautolewi badala ya kipimo.

Mama Tekla akarudi nyumbani. Alikuwa amekwisha, mashavu yameingia, zile khanga za doti nzima anazizungusha kiunoni mara mbili. Kijiji kikasema kile alichoogopa. Wakulima wakapeleka kahawa kwa mkusanyaji mwingine. Wanawake waliokuwa wakinywa soda zake wakawa wanamsalimia kutoka barabarani. Nilipita nyumba hadi nyumba nikieleza kwamba hii ni saratani ya titi, haina uhusiano na umdudu, na hata ungekuwa umdudu huwezi kuupata kwa kukaa mkekani na mtu. Walinisikiliza vizuri, wakanikaribisha ugali, na nilipotoka wakasema nesi anawafichia siri.

Siku alipofariki, walipohitajika wanawake wa kumwosha, ukumbi ulijaa visingizio. Kila mmoja ana mtoto mgonjwa, kila mmoja ana kidonda mkononi. Tukamwosha mimi na Mama Monika. Tekla alitushikia beseni. Alikuwa mwanamwali tu wakati huo, mzaliwa wa mwisho, mwembamba kama mama yake wa enzi za ngolo. Nje, kwa sauti ya chini wanayodhani haivuki ukuta wa matofali, tukawasikia watu wakiulizana na binti naye anao au hana, mbona mwembamba vile.

Tekla akaweka beseni chini. Akaniambia, "Sista Foibe, mimi sitakonda. Watakosa la kusema."

Nilidhani ni uchungu wa msiba unaosema. Lakini yule mtoto alitekeleza. Aliolewa pale pale kijijini, akafungua mgahawa, na akala kama mtu anayelipa deni la mama yake. Kila alipokutana na watu alitembea katikati ya barabara na mwili wake wote, na wakamsalimia hongera. Nilimwambia mara kadhaa, Tekla mwanangu, tembea kidogo, punguza chipsi na soda, umri unakwenda. Alinijibu kwa upole kwamba, mama, wewe ulikuwepo, unajua.

Miaka mingi baadaye nikaitwa kwenye warsha kwenye hoteli, mimi mstaafu wa kupamba meza. Bwana mmoja mwenye suti akaonyesha ukutani picha ya mwanamke mnene, akauliza kwa kicheko kwa nini kinamama wetu wanajiachia hivi. Watu wakacheka na biskuti midomoni. Nilisimama nikamwambia bwana, hawa hawakujiachia, tuliwapandisha kwenye mizani tukawapigia makofi. Akanishukuru kwa mchango, akaendelea na picha inayofuata. Nilikula wali wao kwa hasira nikaondoka.

Haya, nimepoa kiasi cha kutaja jina. Mama yule wa juzi aliyetoka nyuma ya pazia akicheka ni Tekla.

Nilimkamata mkono mlangoni. Akanikumbatia, akasema, "Mama Foibe, usinitie hofu. Wamesema ni mafuta tu, nimefurahi, naenda kumchinjia kuku mume wangu." Nikasikia sauti ya mama yake vile vile, na yule kuku vile vile. Nikamwambia Tekla, kabla hujashika kisu cha kuku, rudi ndani nami.

Nilimrudisha. Kumbe yule binti wa chuoni si mjinga, alikuwa amechoka tu, na foleni ilikuwa ndefu, na hakuna aliyewahi kumpa donge la unga. Sikumfokea, ingawa nilitamani. Nikamwambia, nawa mikono mwanangu, mlaze chali. Nikakunja khanga yangu mwenyewe nikaiweka chini ya bega la Tekla. Nikamwonyesha vidole vitatu, bapa. Akaanza upya kutoka kwenye mfupa wa bega, taratibu, kwa wepesi, kwa uzito, kwa uzito zaidi. Benchi nje likaanza kunung'unika na nikawaambia wanung'unike.

Upande wa nje, karibu na kwapa, mkono wake ukasimama. Akaurudisha nyuma, akauleta tena. Akanitazama. Tekla alikuwa anatazama dari.

"Niambie," Tekla akasema. "Ni mafuta?"

Binti akavuta kitabu cha rufaa. Akamwambia, "Mama, sijui. Ndiyo maana nakuandikia uende Songea kesho."

Hilo ndilo jibu la kazi yetu, wanangu. Mama Tekla hakupewa jibu hilo na yule tabibu. Tekla alilia kidogo, akafunga vifungo, akasema akienda huko watamkata, atakonda, na wataanza. Nikamwambia acha waanze, safari hii benchi la mbele kanisani nitakaa mimi kando yako, na atakayehama aniage. Alikwenda. Niliandamana naye mpaka kwenye basi. Kinyama kimechukuliwa kikapelekwa kwenye vipimo, na mpaka ninapowaandikia haya majibu hayajarudi.

Kuku bado yuko bandani kwa Tekla. Kesho asubuhi atakuja kliniki kwenu mama mwingine mnene ameshika titi lake, anaomba mumwambie ni mafuta. Inukeni kwenye viti.